Bastola ya Koti la Kanisani

Katika duka la bunduki la mji wao mdogo, huko Oklahoma, Darlene alijaribu kukoki bastola ya tatu, akashindwa. Kifundo cha mkono alichovunjwa na mumewe kilikuwa bado hakina nguvu.

"Shika hii basi, dada," muuzaji akamwambia, akimpa nyingine ndogo. "Haina haja ya kukokiwa. Uivae chini ya koti la kanisani, hata mchungaji haoni."

Ilimkaa kiganjani barabara. Kwa mara ya kwanza tangu atoroke nyumbani, Darlene alishusha pumzi.

Muuzaji akacheka. "Lakini unaharibu zawadi ya watu! Mumeo kanunua kama hiyo leo asubuhi akuletee, anataka mpatane. Masikini, hakujua hata ulikopanga chumba. Nikamwelekeza mimi mwenyewe."