Duka la Kona

Mgeni alimkuta fundi cherehani amepiga magoti nyuma ya gari lake, anachungulia chini ya magurudumu, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni.

"Shikamoo, mama. Umeangusha sindano?"

"Marahaba. Naangalia tu." Alisimama, akajikung'uta vumbi. "Nikusaidie nini?"

Mgeni alikuwa binti mfanyakazi wa manispaa, amekuja kwa baiskeli, jasho linamtiririka. Alijieleza harakaharaka, kama mtu aliyezoea kufungiwa mlango. Mji unakohoa moshi kwa sababu ya safari za sukari na sabuni. Mtaa mzima ukikubali kununua karibu, kwa miguu, kichochoro hiki kinachopita mbele ya chekechea kitafungwa. Gari halitapita tena.

"Halitapita kabisa?"

"Hata la diwani, mama. Wenzako wote wamekubali. Umebaki wewe."

Fundi alikunja utepe wake, akautia mfukoni.

"Unavuka mji mzima kufuata chumvi," binti aliendelea, "na duka lipo hapo kona. Ukipiga chafya, muuzaji anakuombea afya."

"Duka lile siliendi."

"Bei zake mbaya?"

"Hapana."

"Ana kauli chafu?"

"Hana." Fundi alizungusha ufunguo kidoleni. "Ana kauli nzuri tu."

"Basi gari limekukolea, mama." Binti alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Yule baba ndiye mfano wetu. Alikuwa na gari, akaliuza. Anasema hatashika usukani mpaka aingie kaburini."

"Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

Mpira uliruka ukuta wa chekechea, ukadunda kichochoroni. Mtoto akaufuata mbio, hatazami kushoto wala kulia. Fundi alifumba macho, hakuyafumbua mpaka aliposikia lango likifungwa.

"Nitaacha," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Kesho nitanunua pale. Nakuahidi, mwanangu."

Kulipokucha alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena. Kutoka mlangoni pake hadi kona ni mwendo wa kumaliza pipi mdomoni, lakini alifika anahema kama aliyepanda mlima. Wateja waliokuwa wakitaniana kuhusu mpira walinyamaza ghafla. Mmoja alimpisha, macho chini.

Mwenye duka aliinua uso. Kopo la kupimia mchele likabaki hewani.

"Mkate mmoja," alisema fundi. Aliweka pesa mezani, akamalizia. "Mkate mmoja, Baba Kidoti."

Hakuwa amemwita hivyo tangu asubuhi ile mumewe alipowasha gari kufuata mkate, akalirudisha kinyumenyume bila kutazama, na Kidoti, binti yao, amesimama nyuma kumpungia mkono.