Chatu Aliyeziba Ngozi ya Mwanawe

Chatu mmoja alitaga kwa mara ya kwanza, na katika mayai yake yote likaanguliwa moja tu. Tangu atage hakutia kitu tumboni. Alijizungusha kumlinda mwanawe, macho mazito kwa kukosa usingizi.

Siku ya nane macho ya mtoto yakaingia ukungu, na ngozi ikaanza kuchanika shingoni.

"Bi Jongoo, jirani yangu, nifanyeje? Ngozi ndiyo ukuta wake, ikitoka jua litamkausha, siafu watamla, atabaki nyama tupu!"

Bi Jongoo, asiyekuwa na haraka na lolote, akamjibu, "Mwache, mwanangu. Hiyo ya juu ilikufa zamani, ilikuwa inailinda changa iliyo chini. Kazi imeisha, inakwenda zake."

"Uchungu wa mwana aujua mzazi! Wewe na gamba lako utajua nini?"

Chatu akachota ulimbo mtini. Ngozi ilipochanika shingoni akaziba, ilipochanika mgongoni akaziba, akaacha mdomoni tu mtoto apumue. Mwishowe uchovu ukamwangusha, naye akasinzia amemkumbatia.

Alizinduliwa na kitu kikimgusa mkiani. Alikuwa mwanawe, anang'aa kama jani lililonyeshewa, ameburuta panya.

"Mama, umekumbatia nini?"

Chatu akatazama. Ilikuwa ngozi, haina mtu ndani.

"Umetokea wapi wewe?"

"Mdomoni, pale uliponiachia nipumue. Kula, mama."

Chatu akataka kulia, lakini kwanza akagundua kwamba ana njaa.