Kitovu cha Mbonea

Sheria inasema kitovu cha kila mtoto ni mali ya benki ya seli. Mwanangu Mbonea alifariki akiwa na miaka sita, lakini seli za kitovu chake bado zinaishi kwenye chupa zao, zikitoa vifuko vidogo mno vyenye RNA, ujumbe wa kuuamrisha mwili ujitengeneze. Watu wa benki wanavikusanya, wanavifanya dawa ya magoti.

Leo nilikwenda benki hiyo kukidai kitovu, nikakizike kaburini kwake.

“Mama, seli ziko hai. Kitu hai tutakizikaje?” karani akanijibu, bila haya.

“Kama ziko hai, nirudishieni mwanangu!”

Nilifika nyumbani na hasira zangu. Mama mkwe, ambaye mwaka mzima hakuweza kusimama, alikuwa wima jikoni, anasonga ugali.

“Walinipa dawa iliyotoka kwa Mbonea,” akasema. “Niliogopa kukuambia.”

Ningemwambia nini? Akae chini?