Mizani ya Muuza Nyama

"Simama hapo kwanza, shemeji," Tani alisema katikati ya ngazi, ameng'ang'ania chuma cha pembeni. "Pumzika. Usije ukanifia hapa, nikamwambie nini dada yangu?"

Shemeji akasimama. Hakuwa ameomba kupumzika, lakini kubishana na Tani ni kutwanga maji kinuni.

Tani alikuwa muuza nyama. Jina la Tani alipewa na wateja kwa ajili ya uzito wa mwili wake, akalivaa kama cheo. Kuna watu wakipewa tumbo hudhani wamepewa na busara. Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa na shingo kama mpini wa jembe, na pale buchani yeye ndiye aliyepiga shoka huku Tani ameketi anatoa amri.

Asubuhi hiyo dada mtu aliwatuma wote wawili kliniki ya moyo. "Msirudi bila tarehe ya upasuaji," aliwaambia mlangoni. "Valvu ile ya moyo haingoji." Kisha akageukia ukuta, maana daktari alikwishasema: bila upasuaji, mwaka huu msiba utaingia nyumba ile.

Huko juu benchi lilikuwa limejaa watu waliokauka. Tani aliwapitishia macho kama anayekagua ng'ombe wa mnadani, akaguna, akajibwaga mahali pa watu wawili.

"Mgonjwa nani kati yenu?" akauliza mama mmoja.

Tani akamwelekezea shemeji kidevu. "Mama, nawe! Kwani huoni? Hii nayo ni nyama? Mimi nikiletewa ng'ombe wa hivi, nageuza gari."

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka, amepakata mfuko wa dawa.

Nesi akaleta mizani. Tani akamsukuma shemeji apande. "Shika jiwe, usije ukapeperuka!" Kisha akapanda yeye, na mshale ukaruka. "Mmeona? Mwezi uliopita mshale haukufika hapa. Nimeongezeka!"

"Mizani haina macho, baba; maji na nyama kwake ni kilo tu," nesi akasema, akawageukia wa benchini. Aliwaeleza kama anayeeleza jirani. Moyo ukichoka kwa muda mrefu, alisema, homoni zinazogawa chakula mwilini zinavurugika. Homoni ya njaa inapiga hodi, tumbo halifungui. Insulini inafikisha sukari mlangoni kwa misuli, misuli haipokei. Mwili ukikosa, unaanza kujila wenyewe: mapaja kwanza, halafu mabega.

"Kujila!" Tani akapiga paja lake. "Watu hawataki kula, wanasingizia homoni. Zamani tuliita uvivu. Leo uvivu umesoma, umepata jina la kizungu."

"Kaka, huyo anatusaidia," mama akasema.

"Anawasaidia nyinyi."

Akafungua mkate ambao dada yake alimfungia, akaumega kidogo, akautafuna weee, kisha wote uliobaki akamtupia shemeji mapajani. "Kula, mwenye shida. Labda leo utaota nyama."

Shemeji akaula mpaka makombo.

"Angalia anavyobugia," Tani akamwambia mama. "Vinakwenda wapi, Mungu ndiye ajuaye. Dada yangu alikuwa na wachumba wenye vifua kama milango. Akaenda kuokota fito."

"Na fito hujenga nyumba," shemeji akasema taratibu.

"Nyumba ya kuku."

Waliitwa ndani. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Aliwaonyesha viti viwili vya mbao, wakakaa.

"Leo sipimi moyo, napima nguvu," alisema. "Mikono kifuani. Mtu anasimama na kukaa mara tano, bila kushika kitu. Akiweza, natoa tarehe sasa hivi. Asipoweza, hapasuliwi. Mwili uliokwisha misuli hauamki mezani, na mimi siui watu kwa kisu."

"Hiyo tu?" Tani akacheka. "Mtihani wa watoto wa chekechea! Daktari, andaa hiyo tarehe." Akampiga shemeji kiwiko cha mbavu. "Haya, fito. Simama, usituaibishe. Dada yangu anangoja."

Shemeji akasimama papo hapo, bila kushika kitu, wepesi kama mtu aliyeitwa chakula. Akauweka mfuko wa dawa mezani. Kisha akapiga goti mbele ya kiti cha Tani, akamfungua kamba za viatu, akavivua kwa kuvivuta kweli kweli, akamkunja suruali hadi magotini.

Daktari akainama, akambonyeza Tani kwa dole gumba kwenye muundi wa mguu uliovimba. Alipoliondoa, shimo lilibaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Sasa, mzee," akasema. "Mikono kifuani."

Tani akafumbata mikono. Akavuta pumzi, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kiti kikalia mara moja, kikanyamaza, naye bado ameketi.