Maua ya Mwalimu Nasra

"Maua yako yamenenepa, mwalimu, mwanangu ndiye anayekonda!" Mama Zuwena alipaza sauti barazani kwake, na majirani wakatoa vichwa madirishani, maana ugomvi mtamu haupitwi.

"Dada, Zuwena anamaliza hesabu wenzake hawajaanza," Mwalimu Nasra alijitetea. "Nikimwacha bure atapiga gumzo na darasa zima. Ndiyo maana humpa kopo akamwagilie maua."

"Basi siku hizi anakosea makusudi, asitolewe nje!"

Mwalimu alikuwa akimwonea huruma Zuwena kwa yale makosa, akidhani mtoto anaumwa, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukosea. Akamtazama alivyoketi kizingitini akimenya chungwa, anajifanya hasikii.

Akachutama mbele yake, akatoa chaki mkobani na kuandika hesabu kwenye sakafu. "Hii ilinitoa jasho chuoni, na bado sijaipata. Kesho tutaikabili na wenzako. Au unaogopa?"

"Shikamoo, mwalimu," alisema Zuwena, kama ndiyo kwanza anamwona, kisha akapokea chaki.

Mama mtu alisimama akiwatazama, mmoja anaandika, mwingine anauliza, "Enhe, kwa nini hapo?" Sauti ikamshuka.

"Na sakafu nimeipiga deki sasa hivi," alinung'unika. Namba zilikuwa zimeshavuka kizingiti, zinaelekea ndani. "Haya, mwalimu, vua viatu, uziruke hizo, uje ule. Wali unapoa."