Naomba Radhi, Kesho Nasafiri

Ishaka kaingia jikoni, kapiga magoti mbele ya mama, na mimi simu nusura initoke mkononi.

"Mama, naomba radhi zako. Kesho nasafiri. Nimepata kazi ya uvuvi Mtwara."

Mama alikuwa anakuna nazi. Akacheka. "Mvuvi gani wewe, unatapika mpaka kwenye boti ya Unguja!"

Mdogo wangu hakucheka. Wiki hiihii kagawa njumu zake za mpira na njiwa wake wote hapa Zinga.

Jamani, mimi nasoma shahada ya pili, sera za kupambana na ugaidi! Juzi tu nimewaeleza wenzangu darasani jinsi vijana wanavyoaga kabla ya kuvuka mpaka kwenda kupigana. Wanagawa vitu, wanaomba radhi, wanasema wamepata kazi kusini. Nikapigiwa makofi.

"Kazi kwa nani, Ishaka?"

"Dada, mimi siyo utafiti wako."

Mama akamwekea kiganja kichwani, nazi nyeupe ikabaki kwenye nywele. "Nenda, mwanangu. Radhi zote nimekupa."

Nikatoka uani, nikampigia afande anayetufundisha.

"Haloo, binti, kuna nini?" Kumbe nimebonyeza spika, sauti yake ikajaa ua mzima.

Ishaka alikuwa ameshasimama mlangoni, anatusikiliza.