Kichwa ni Kichwa

Masele alipofungulia besi, kuku wa Mzee Machibya waliruka juu ya paa na mbuzi mmoja akakata kamba.

"Huo ni utangulizi tu," alisema, akafumba macho.

Saikotransi, au saiko kwa mkato, husikilizwa macho yamefumbwa. Hayo alikuwa akiwaambia watu wa Ngulyati kila siku. Ukifumbua, umerudi duniani, na duniani kuna nini? Yeye alikuwa fundi redio Bariadi mjini. Kabla ya hapo alipika miaka minne kwenye kambi ya watalii huko mbugani, na mgeni mmoja akasahau flashi iliyojaa muziki huo, kama wengine wanavyosahau soksi. Tangu siku ile Masele hakupona.

Na maoni alikuwa nayo, gunia zima. Tekno, kwa maneno yake, ni saiko iliyonyimwa chakula. Hausi ni ya watu wanaosubiri soda. Singeli aliiheshimu, ni binamu, "ila anakimbia kama anafukuzwa na nyuki, hajui anakokwenda." Saiko inajua. Mapigo mia na arobaini na tano kwa dakika, tuku-tuku-tuku-tuku, hailegei wala haipumziki, mpaka unasahau jina la shemeji yako. Waimbaji je? "Mtu akianza kuimba," alisema, "ujue mdundo umemshinda."

Luhende, manju wa ngoma ya majembe, aliyasikia hayo siku ya mnada akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Baba, hiyo siyo ngoma. Hiyo ni mashine!"

"Mashine, ndiyo. Na mashine haidai togwa."

"Basi ilete uwanjani tuone itamwita nani."

Ngoma zetu Usukumani hushindana hivi: pande mbili zinapiga kwa pamoja, kila mtu anakwenda anakovutwa, na mwenye watu wengi ndiye bingwa. Masele, kwa mdomo wake mwenyewe, akaapa mbele ya mnada mzima: akishindwa, flashi ataitupa chooni, naye atabeba ngoma kubwa ya Luhende msimu mzima, kuanzia Dutwa mpaka Mwandoya, kwa miguu.

Mwamuzi akawa Mahona, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuonekana akicheka.

"Nahesabu saa kumi kamili," alisema. "Simuulizi mtu ameletwa na nini. Kichwa ni kichwa."

Luhende alichagua kwanza, akachukua kivuli cha mkwaju. Masele akabakiwa na baraza la mashine ya Machibya ya kusaga, iliyofungwa wiki tatu tangu ilipoharibika. Hakununa. Bati la jengo lile liliipa besi kifua. Akapanga spika nne, jenereta akaliweka nyuma likitoa moshi wake huko huko.

Saa tisa wote wawili wakaanza. Majembe ya Luhende yakarushwa juu, yakadakwa, watu wakapiga vigelegele.

"Marcelo," aliita Masele, macho bado yamefumbwa. Marcelo alikuwa kinyozi, rafiki yake wa siku zote. "Kwetu wapo wangapi?"

"Mimi."

"Na mbuzi?"

"Ameshaondoka, kaka."

Saa tisa na nusu, Marcelo bado ni mmoja. Masele akaanza kuisikia ile ngoma kubwa begani mwake. Akaiona barabara ya Mwandoya, vumbi, jua, na Luhende mbele akipunga mkono kama askofu. Ndipo upepo ukageuka, ukachukua mdundo na kuupeleka bondeni kwenye nyumba nyingi, nako wengi hawakuwa wamesikia habari ya shindano lolote. Masele akasukuma sauti hadi mwisho. Tuku-tuku-tuku-tuku!

Kwanza ilikuwa miguu miwili mitatu. Halafu mingi. Miguu ya kukimbia, ndugu yangu, ya watu wanaotweta.

"Marcelo! Wanakuja?"

"Wanakuja, kaka. Wanakuja kweli, lakini..."

"Usiniambie! Nitafumbua!"

Akacheza papo hapo kama mtu aliyekanyaga siafu. Mbele yake sauti zikazidi.

"Mimi niko nyuma ya Veronica!"

"Usinisukume, mama we, nimewahi!"

"Elizabeth, rudi nyuma, wewe umefika sasa hivi!"

Machozi yakamtoka Masele. Wanagombea mbele! Hata wazungu kule kambini hawakuwahi kuigombea saiko namna hii. Alijua, siku zote alijua, kwamba muziki huu haukuhitaji kueleweshwa, ulihitaji upepo tu.

Chini ya mkwaju ngoma ya Luhende ikalegea, ikakohoa, ikanyamaza. Wapigaji nao walikuwa wamegeuza shingo kutazama.

Saa kumi kamili Mahona akapita na kijiti chake. Akahesabu. Akarudi mwanzo, akahesabu tena.

"Luhende, ishirini na sita," akatangaza. "Masele, mia moja na kumi na nne. Vilivyo juu ya vichwa sikuvihesabu."

Masele akazima muziki, akaruka juu mikono hewani, akatua, akafumbua macho. Mstari ulikuwa umenyooka kutoka barazani mpaka barabarani, na kila kichwa kilikuwa na beseni au ndoo ya mahindi.

"Ng'wanone, mwanangu, afadhali mashine imepona," alisema bibi Lukresia, wa kwanza kabisa, akitua ndoo yake juu ya spika. "Mbona umezima? Washa uanze na mimi, mimi ni wa dona."